Nimeacha pombe wiki tano; je, nimfuate rafiki yangu kilabuni?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Niko Mbagala. Nilikunywa gongo miaka 11, sasa wiki ya tano sijagusa. Nasikia sala ya mnywaji haikubaliwi siku 40; nisubiri ziishe? Pia rafiki yangu anataka kuacha. Nimfuate kilabuni, nimfungie kwangu mpaka imtoke?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah.

Sali leo. Hadithi hiyo ipo, ameipokea Tirmidhi na wengineo, na ndani yake imo kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humpokea. Wanazuoni wamefafanua kuwa kinachopotea ni thawabu, faradhi iko palepale.

Kilabuni usiende. Wiki tano bado changa. Mkute mchana, kichwa chake kikiwa kitulivu.

Hilo la kumfungia ndani ndilo linalonitia hofu. Muulize: asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate glasi ya kwanza? Akisema ndiyo, basi mwili umeshaizoea, na kuikata ghafla bila daktari kunaweza kumuua. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka, jasho linamtiririka, anafukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona. Hapo watu wa nyumbani husema kapandwa na jini, anaitwa mganga, na muda wa kumwokoa unapotea. Mpeleke hospitali kabla hajaikata: Temeke si mbali nanyi, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Huko hupewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Asiogope kwamba dawa hiyo ni kilevi kingine. Ni tiba, na Qur'ani imekataza kujitia katika maangamizo (2:195). Kisomo msomee, lakini pembeni ya kitanda cha hospitali.

Akitoka, kazi yako ni saa ya Magharibi mpaka Isha, maana ndiyo saa ya kilabu. Kaeni msikitini, au mle pamoja. Fedha usimpe mkononi, mnunulie unga.

Akiteleza usimlaani. Aliletwa mlevi mbele ya Mtume (s.a.w.), mtu akamwapiza, Mtume akamkataza: msimsaidie shetani dhidi yake (Bukhari). Mrudishe kwa daktari, mwanzo upya.

Mtafuteni na mtu wa tatu, imamu au kaka mtu, namba yake muwe nayo nyote wawili. Kuna jioni wewe ndiye utakayeitamani pombe.