Viatu vyangu kando ya mto Periyar

Mhariri, wiki hii mmetuuliza iwapo ni vyema muumini wa dini moja kuingia, kwa matembezi tu, katika nyumba ya ibada ya dini nyingine. Nilishika kalamu ili nijibu «hapana», na sababu nilikuwa nazo mbili. Ya kwanza anaijua kila aliyelelewa Mji wa Kale hapa Mombasa: wageni wanaotoka Fort Jesus wakapita msikiti wa Mandhry na kuchungulia mlangoni, kamera mkononi, ilhali watu wamo katika sala. Ya pili ni fomu aliyoniletea binti yangu kutoka shuleni, inayoomba ruhusa ya mzazi ili watoto wapelekwe kulitazama hekalu la Wahindu la Swaminarayan lililoko barabara ya Haile Selassie. Fomu hiyo ilikuwa na siku nne juu ya friji bila saini.

Hata hivyo, kuingia au kutoingia si jambo linalonishughulisha sana. Linalonishughulisha ni kwamba mtu akishafika mlangoni kwa wenzake, asimame wapi, na macho yake ayaelekeze wapi. Nitaeleza niliposimama mimi.

Januari 2019 nilimsindikiza kaka yangu kwenda Kerala, kusini mwa India, kwa matibabu ya moyo, baada ya harambee ambayo jamaa wa Majengo hadi Kisauni waliichangia. Siku ya upasuaji tuliambiwa tusubiri saa nyingi. Wifi yangu, aliyechoka kuniona nikizunguka kama kuku atafutaye pa kutagia, aliniambia nitoke nikapunge hewa. Nilipanda tuktuk, na dereva, aliyeutazama uso wangu kuliko alivyonisikiliza, akanipeleka Aluva, kwenye ukingo wa mto Periyar, akisema hapo pametulia.

Palikuwa pametulia kweli. Kuna hekalu la Shiva, mmoja wa miungu ya Wahindu, kwenye tambarare ya mchanga kandokando ya mto, na usiku wa Shivaratri, sikukuu ya mungu huyo, mchanga huo hujaa watu wanaokuja kuwafanyia ibada wazee wao waliofariki. Siku ile walikuwapo watu wasiofika kumi. Dereva alinionyesha kwa mkono urefu wa maji ya Agosti 2018, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 400 katika Kerala na kuufunga uwanja wa ndege wa Kochi kwa takriban wiki mbili. Hekalu lilizama. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulielewa mara moja: mto unapopanda katika masika na kulifunika sanamu la Shiva, waumini huhesabu kwamba mungu wao ameoga. Mimi, niliyezoea kusikia mafuriko yakiitwa ama balaa ama uzembe wa kaunti, nilinyamaza.

Sikuingia. Nilivua viatu kwenye ngazi za mto, nikakaa hapo na buibui langu, mgongo nikilipa hekalu, nikidhani kwamba hiyo ndiyo heshima. Hatua chache kutoka kwangu mzee mmoja, kifua wazi, alikuwa ameandaa matonge ya wali na ufuta juu ya jani la mgomba. Aliloweka viganja vyake mtoni, akapiga makofi. Akangoja, akapiga tena. Alikuwa anaita kunguru. Kunguru hawahawa, mhariri, wanaotunyang'anya samaki barazani na ambao watoto wetu huwatupia mawe! Wakija wakala, wafiwa huona kwamba marehemu wamepokea. Yule mzee alingoja muda mrefu sana, na sijui ni kwa nini, lakini nilijikuta nikiangalia juu ya minazi nikiwatafuta pamoja naye, huku nikiogopa kwamba wasipokuja itakuwa ishara mbaya kwa kaka yangu. Kwa mujibu wa imani yangu, ishara ya namna hiyo haipo. Nilijua hivyo, na bado niliangalia.

Walikuja wawili.

Jua lilikuwa limehama nilipoinuka, na viatu vyangu sikuvikuta nilipoviacha. Mzee alikuwa amevisogeza kivulini ili nyayo zangu zisiungue. Kwa Kiarabu chepesi cha watu waliofanya kazi Dubai, nami kwa kile changu cha chuoni, aliniuliza mgonjwa wangu ni nani. Sikuwa nimemwambia kwamba nina mgonjwa. Bibi yangu alikuwa na msemo wake kila alipotoka dukani: «Baniani mbaya, kiatu chake dawa.» Mzee yule hakuwa Baniani wala Mgujarati, lakini nilikumbuka msemo huo, nikaona haya, kwa kuwa aliyegusa kiatu cha mwenziwe alikuwa yeye.

Baadaye nilisoma kwamba katika mji huohuo, mwaka 1924, Sree Narayana Guru, mwalimu wa kiroho wa Kihindu, aliwaita watu wa dini mbalimbali katika ashramu yake, yaani makao ya ibada na mafunzo, iliyoko kando ya mto, akatangaza kwamba wamekutana ili wajue na wajulishane, si wabishane na kushindana. Nilisoma pia kwamba Wahindu wa matabaka ya chini wa Travancore, ufalme wa zamani ambao mji huo ulikuwa ndani yake, walizuiwa mahekalu mengi hadi tangazo la mfalme la 1936, kwa hiyo mlango ninaojadili kuuingia kwa matembezi, wenyewe kwa wenyewe walifungiana.

Basi jibu langu linabaki kuwa hapana, ingawa sasa nalitamka kwa sauti ya chini kuliko nilipoanza kuandika. Anayetaka picha na abaki barabarani. Kwa aliyetumwa na shida, au na swali la kweli, sina neno, ila nyumba ya ibada ya watu haimdai mgeni ashiriki, na mwenye shaka na amuulize shehe wake asiniulize mimi. Tena naungama kwamba kulipa mgongo hekalu hakukuwa heshima kama nilivyodhani, ilikuwa hofu.

Fomu nimeitia saini jana usiku. Chini yake nimemwandikia mwalimu kwamba mtoto asipewe chochote cha kula cha ibada, asipige kengele, asichukue picha ya mtu anayeomba, na viatu vyake avipange mwenyewe, na vya wenzake pia.