Tumestaafu na tunataka kuishi safarini: tununue gari-nyumba lipi?

SWALI: Fundi, mimi na mke wangu tumestaafu na tumeamua kuachana na nyumba, tuishi safarini mwaka mzima. Kiinua mgongo ni hicho kimoja, na pensheni ya mwezi si kubwa. Tumeona magari matatu. La kwanza ni vani ndogo mpya kabisa, imetengenezwa kiwandani kwa kulala. La pili ni gari-nyumba kubwa la bodi ya kisanduku, lina miaka 17. La tatu ni vani ya mizigo ya paa refu, ina miaka tisa, na mwenyewe ameigeuza kuwa nyumba. Haya mawili ya mwisho bei zake zinakaribiana. Mke wangu amelipenda lile kubwa kwa ajili ya jiko na bafu. Tuchukue lipi? Na sola kiasi gani inatutosha?

JIBU: Shikamoo mzee, na mama pia nampa shikamoo yake. Hongereni kwa uamuzi huo. Hili si gari la matembezi ya wikendi, ndilo litakuwa paa lenu, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: ningechukua vani ya mizigo iliyogeuzwa, mradi ipite mizani na ukaguzi wa kutu.

Ile mpya ningeiacha. Itameza kiinua mgongo chote, na gari jipya hupoteza thamani kwa kasi katika miaka yake ya mwanzo. Robo ya fedha mliyotenga isiguswe siku ya kununua. Hiyo ni ya matairi, breki, betri na yale ambayo muuzaji hakuyasema.

Sasa uzito, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia bila kujua. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, umeandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, mara nyingi mlangoni au chini ya boneti. Magari mengi ya aina hii yamewekewa kilo 3,500, kwa kuwa katika nchi nyingi leseni ya kawaida ya gari dogo huishia hapo. Toa uzito wa gari lenyewe pamoja na makabati, vitanda na jiko. Kinachobaki ndicho mnachoruhusiwa kubeba.

Tuseme lile kubwa lina kilo 3,050 likiwa tupu. Zimebaki 450. Ninyi wawili chukua 150. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100. Mitungi miwili ya chuma iliyojaa gesi, kama 50. Nguo, vyombo, chakula, zana na vitabu vya watu wasio na nyumba nyingine ya kuachia vitu, 150, na hapo nimebana sana. Turubai la kivuli la ubavuni 30, baiskeli mbili na kibebeo chake 45. Jumla ni 525. Mmezidisha kilo 75 na hamjaweka hata kiti cha kukalia nje. Gari lililozidiwa huchelewa kushika breki, matairi ya nyuma hupata joto mpaka hupasuka, na ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kugoma kulipa.

Kwa hiyo usikubali tarakimu za kwenye tangazo. Mwombe muuzaji mpeleke gari kwenye mizani ya malori, tangi la maji na la mafuta yakiwa yamejaa, mlipime zima kisha kila ekseli (mhimili wa magurudumu) peke yake. Magari ya kisanduku mara nyingi yana mkia mrefu nyuma ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwekwa huko mwisho, ekseli ya nyuma huzidiwa na magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko, hata kama jumla iko sawa.

Lile kubwa lina jambo la pili linalonitia wasiwasi: maji. Bodi ya kisanduku imeungwa vipande vipande, kuta na paa, na gundi ya kwenye maungio huzeeka. Baada ya miaka 17 maji yanaweza kuwa yameoza mbao za ndani ilhali ukuta kwa nje unang'aa. Fungua kabati la juu kwenye pembe ya nyuma, ingiza kichwa, unuse. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya madirisha na kuzunguka tundu la paa. Ukuta mzima hausogei, uliooza hubonyea. Kifaa cha kupima unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 20, ondokeni. Kurekebisha mbao zilizooza kunaweza kuzidi bei ya gari. Vani ya chuma haina maungio hayo. Inavuja hasa pale mtu alipotoboa kuweka dirisha, feni au sola, na sehemu hizo zinakaguliwa upesi.

Adui wa vani ni kutu. Inua kapeti miguuni pa dereva, lala chini na tochi uangalie vishikio vya springi na shokapu, mahali pa kuwekea jeki, na ndani ya matao ya magurudumu. Kutu ya juu juu hupigwa brashi na kupakwa rangi. Chuma kinachobomoka ukikigonga na bisibisi, hapana. Injini ikute ya baridi: gusa boneti kabla haijawashwa. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na uone risiti. Matairi nayo yasome ubavuni, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililosimama sana huwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na mpira uliozeeka.

Kuhusu aina, chagueni ile ambayo fundi wa kawaida anaijua katika njia mtakazopita. Fiat Ducato, Peugeot Boxer na Citroën Jumper kimsingi ni gari moja lenye majina matatu, hivyo vipuri vingi vya bodi na chesisi vinaingiliana. Tena Ducato ni pana ndani, kama mita 1.87, na watu wengi wanaweza kulala kwa upana wake. Ducato za mwanzo za kizazi kilichotoka 2006 zikague chini ya kioo cha mbele, maana maji ya mvua hupenya na kudondokea injekta, vile vifaa vinavyopuliza mafuta kwenye injini.

Ila kitanda cha upana kina adha yake: anayelala ndani hawezi kwenda msalani usiku bila kumruka mwenzake. Kwa umri wenu ningetafuta vitanda viwili vya kwenda urefu, vyenye njia katikati. Kiwe kitanda cha kudumu, siyo meza ya kukunjwa kila jioni. Choo cha kubebeka kinatosha.

Sola: friji ya kompresa ya volti 12 hula takriban wati-saa 400 hadi 600 kwa siku; taa, pampu, simu na feni ongeza 200 au 300. Paneli za wati 300 na betri ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 100, yenye wati-saa zipatazo 1,280, zitawafaa kwenye jua zuri. Betri ya asidi ya ukubwa huo mtumie nusu tu, ikizidi hapo inakufa mapema. Siku za mawingu sola hushuka sana, kwa hiyo fungeni pia chaja inayochukua umeme kwenye altaneta (jenereta ya injini) mnapoendesha. Lithiamu isichajiwe chini ya nyuzi sifuri. Kupika kubaki kwa gesi, na king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwe karibu na mnapolala. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo kabati lake lazima liwe na tundu sakafuni, wala lisizibwe kwa kuogopa baridi.

Kabla ya kulipa, kodini vani ya ukubwa huo wiki mbili katika msimu wa mvua au baridi. Na siku ya kulijaribu gari lenyewe, mama naye alishike usukani, alirudishe nyuma na kuliegesha. Mkiwa mbali, mmoja akiugua, mwingine ndiye wa kuwafikisha hospitali.