Je, namba zikilingana nimepiga?

SWALI: Tunacheza HeroClix, mchezo wa mezani wa kupiganisha sanamu ndogo za mashujaa, nyumbani hapa Ntinda, Kampala. Sanamu yangu ina shambulio 10, ya ndugu yangu ina ulinzi 17. Nilirusha dadu mbili, jumla 7. Yeye anadai lazima nizidi 17, kulingana hakutoshi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, mradi hapakuwa na kichaka, yaani mraba wa ramani ya mchezo wenye kizuizi, kati yenu. Kulingana kunatosha: 10 na 7 ni 17, umepiga. Ugomvi wenyewe huwa kwenye vichaka. Ukishambulia kwa mbali, nyosha uzi kutoka katikati ya mraba wako hadi katikati ya mraba wa mlengwa. Uzi ukipita kichakani, au mlengwa akiwa amesimama humo, ulinzi wake unakuwa 18 na umekosa. Kama kichaka kiko kwenye mraba wako tu, hakihesabiwi. Hapa wengi huteleza. Kubalianeni kuhusu uzi kabla ya dadu, maana zikishatua kila mtu huona kichaka anachokitaka! Mkipigana ana kwa ana, kichaka hakimkingi mtu.

Dadu zote mbili zikitua kwenye 6, umepiga daima, na dhara huongezeka 1. Zote mbili zikitua kwenye 1, umekosa daima, na anayeshambulia ndiye anayeumia 1.