Usiishie kuuliza shamba ni la nani, uliza pia ni la nini

Hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa Dar mnaokimbilia vijijini huko Pwani kutafuta pa kujenga, maana mjini viwanja havishikiki tena, na pia kwa ajili ya ndugu zetu wenyeji wanaotuuzia. Yaliyonikuta mimi yalinigharimu hela na karibu yanigombanishe na kijiji kizima, kwa hiyo someni mpaka mwisho tafadhali.

Mwaka 2019 nilinunua ekari mbili kwenye kijiji kimoja mkoa wa Pwani, sitakitaja maana watu wake sasa ni majirani zangu. Nilifanya yote niliyoambiwa nifanye, nikauliza kama muuzaji ndiye mwenye shamba kweli, nikaonyeshwa mpaka wa minyaa alioupanda marehemu baba yake, nikaongea na majirani wa pande zote, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti, mihuri ikagongwa, mashahidi wakasaini. Na kiukweli shamba lilikuwa la kwake, hapo sikudanganywa hata kidogo. Nikaanza kujenga. Mawe, nondo, tofali za inchi sita 2,400 zimepangwa chini ya mwembe, fundi ameshamaliza msingi anasubiri tuweke jamvi, asubuhi moja mtendaji wa kijiji akaja na bodaboda akanipa karatasi ya kusimamisha ujenzi.

Nikaenda ofisi ya kijiji nimefura. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa iliyopauka kwa jua, kumbe ile ramani ilikuwepo hata siku ile tunaandikishana, nilikaa nimeipa mgongo. Ndiyo mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Njano makazi, kijani mpauko kilimo, kwingine malisho na njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji, na kandokando ya mto ukanda mwembamba wa kijani kibichi. Mtendaji akaweka kidole kwenye shamba langu, nusu iko kwenye kilimo na nusu iko ndani ya ule ukanda wa mto. Njano haikunigusa hata kidogo. Mzee mmoja wa halmashauri ya kijiji aliyekuwa amekaa pembeni akaniambia, "Mwanangu, shamba ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Lima mpaka uchoke. Ila nyumba hapo hapana."

Nilimwamkia yule mzee vizuri lakini moyoni niliwaka. Hela yangu, shamba langu, mihuri ninayo, halafu mtu anipangie pa kulala? Nikarudi mjini kwa rafiki yangu mwanasheria nikitaka twende mahakamani wiki hiyohiyo. Yeye akanikalisha chini.

Akaniambia kwanza hasira yako ina mizizi halali. Katiba ya Tanzania ibara ya 24 inalinda haki ya mtu kumiliki mali, na kwenye kesi ya Lohay Akonaay ya mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba hata haki ya kimila ya ardhi, ile isiyo na hati wala karatasi, ni mali inayolindwa na hiyo ibara, huwezi kumwondoa mtu bila fidia ya haki. Hiyo kesi ilitoka na machungu ya operesheni vijiji ya miaka ya 1970, watu walihamishwa kwenye ardhi zao wakapewa wengine. Kwa hiyo mwanakijiji akisikia neno "mpango" akashtuka msimuone mjinga, wazee wetu walishapangwa sana.

Lakini akaniambia na upande wa pili. Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, tulichonacho sisi ni haki ya kuitumia, ni haki nzito kweli lakini inakuja na masharti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mpango wa matumizi lazima upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Halafu kumuuzia mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, na hapo wengi wetu ndipo tunapopigwa. Na ule ukanda wa mto haukutungwa na kijiji, ni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari hairuhusiwi shughuli ya kudumu au inayoweza kuharibu mazingira. Tulipopima kwa tepu, mimi mwenyewe nimeshika mwisho mmoja, msingi wangu ulikuwa mita 38 kutoka mtoni.

Nilikaa kimya kama mwezi. Nikaanza kwenda kijijini siku za mkutano, nakaa nyuma nasikiliza, ndipo nikaelewa kwa nini walijifunga wenyewe. Kabla ya mpango kila mtu alikuwa anakata vipande vya robo ekari anawauzia wa mjini, nyumba moja huku, moja kule katikati ya mihogo, njia ya ng'ombe ikazibwa na ukuta wa mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka, wafugaji wakapitisha ng'ombe kwenye mashamba, ugomvi ukaanza, na tumeona Kilosa na Kiteto ugomvi wa wakulima na wafugaji unavyofika mpaka kwenye vifo. Na nyumba zikitawanyika hivyo nguzo za umeme na bomba la maji zinafikaje? Hayo aliyasema mama mmoja muuza maandazi, amesimama na mtoto mgongoni, na nadhani alieleza vizuri kuliko mtaalamu yeyote niliyewahi kumsikia.

Wala si wao peke yao. Kijiji cha Terrat kule Simanjiro, tangu 2005, wanakijiji walikubaliana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya mbuga yao hawatalima wala kujenga makazi ya kudumu ili nyumbu wanaotoka Tarangire kipindi cha mvua wapate pa kuzalia, na kwa makubaliano hayo wao waendelee kuchunga ng'ombe palepale na kijiji kilipwe kila mwaka. Mpaka wa namna hiyo naukubali kwa moyo wote, wenye ardhi walikaa, wakaelewana, na wanaoacha kitu wanapata kitu.

Mimi niliishia hivi. Niliomba kiwanja eneo la makazi, mkutano mkuu ukakubali, nikapewa kipande kwa utaratibu na sasa nafuatilia hati ya haki miliki ya kimila. Tofali nilizihamisha, kazi ya msingi ilikufa na hela yake. Shamba bado langu, juu nimepanda mihogo, chini migomba. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 mto ulipanda mpaka pale, nilikuta tope limejaa kwenye vyumba vya ule msingi mpaka magotini.

Sasa wewe unayetaka kununua fanya hivi. Usilipe hata shilingi kabla hujaingia ofisi ya kijiji ukaomba kuona ramani ya mpango na sheria ndogo zake, na kama kijiji hakina mpango uliza unaandaliwa lini maana unaweza kukuta uko katikati ya malisho mwaka unaofuata. Omba muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoidhinisha, wenye majina na saini. Nenda na tepu. Kama ni kando ya barabara kuu au ya mkoa kumbuka Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, usije ukaamka ukutani kuna X nyekundu. Uliza pia halmashauri ya wilaya kama hilo eneo linatarajiwa kutangazwa kuwa mji, maana likitangazwa masharti yote yanabadilika. Na mkikwaruzana anzeni na baraza la ardhi la kijiji, lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, kazi yao kusuluhisha, na walinisaidia.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Mita kama 150 kutoka kwangu kuna bibi, tunamuita Bibi tu, nyumba yake ya udongo iko ndani ya ule ukanda wa kijani na ameishi pale tangu ujana wake, watoto wake wote wamezaliwa humo ndani. Mimi niliukuta mpango nikaupa mgongo, kosa langu. Yeye mpango ndio uliomkuta. Ameambiwa ahame kwenye makazi, kiwanja atapewa, lakini nyumba, minazi 11 na kisima chake hakuna anayevitaja. Hapa siyumbi, mpaka unaowekwa juu ya mtu aliyekuwepo lazima uje na fidia, tena mapema na inayotosha, la sivyo tunarudia yaleyale ya miaka ya 1970 kwa ramani yenye rangi nzuri zaidi.

Mkutano mkuu ujao ni Jumamosi ya pili ya mwezi. Tumeshahesabu minazi mimi na mjukuu wake, tumepiga picha kila chumba, tumeandika barua nakala tatu, na Bibi amesema atasimama kuongea mwenyewe, mimi kazi yangu ni kumpeleka na bodaboda na kukaa karibu yake.