Ulimi Ule wa Mirihi: Lava au Barafu?

Swali: Ndugu mhariri, nimeona picha ya Mirihi iliyopigwa kutoka angani. Ulimi mrefu umeshuka kutoka kwenye jabali, mgongoni una mikunjo kama ya mawe haya tuliyoachiwa na Nyiragongo mwaka 2002. Chini wameandika ni barafu iliyofunikwa na vifusi. Wamejuaje?
*Msomaji wa Majengo, Goma*

Jibu: Mikunjo haithibitishi kitu. Chochote kizito kinachotiririka, kikikwama mbele huku nyuma kinasukumwa, hujikunja. Tazama kwanza latitudo. Ndimi za barafu ya namna hiyo ni nyingi kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini na kusini. Karibu na ikweta, shuku lava. Mwaka 2005 watafiti walieleza habari za bahari iliyoganda kwenye uwanda wa Elysium wa Mirihi, nyuzi 5 hivi kaskazini, kwa sababu vibamba vyake vilivyopasuka vilifanana mno na barafu ya baharini. Picha kali zaidi za HiRISE, kamera ya chombo kinachozunguka Mirihi, zikaonyesha ni gamba la lava.

Kisha ufuate ulimi kwenda juu hadi unapoanzia. Lava ina mlango: ufa au tundu, kama nyufa za ubavuni zilizoileta mjini kwenu. Barafu huanzia chini ya jabali, palipokusanyika theluji. Na ukikuta zulia limezunguka kilima pande zote, kileleni hakuna tundu, hiyo si lava.

Kinachomaliza ubishi ni rada: chombo angani hutuma mawimbi ya redio chini na kusikiliza miangwi, mmoja kutoka juu ya ulimi na mwingine kutoka sakafuni mwake. Tuseme mwangwi wa chini umechelewa maikrosekunde 6 (sehemu 6 za milioni za sekunde) baada ya ule wa juu, kwenda na kurudi. Ndani ya barafu wimbi hukimbia mita 170 hivi kwa maikrosekunde, kwa hiyo unene ni kama mita 510. Ndani ya mwamba wa lava hukimbia mita 105 tu, na unene unakuwa 315. Sasa pima ulimi umeinuka kiasi gani juu ya uwanda. Ukipata 500 na kitu, ni barafu, maana sakafu yake imelingana na uwanda. Hivyo ndivyo watafiti walivyokuta mwaka 2008 mashariki ya Hellas, bonde kubwa la Mirihi.

Mtego uko hapa: jabali la pembeni nalo hurudisha mwangwi uliochelewa, ukadhani umetoka ardhini. Ndiyo maana hukokotolewa kwanza miangwi yote ambayo sura ya nchi peke yake ingeitoa. Inayolingana nayo hutupwa. Anayeruka hatua hii atavumbua barafu kila mahali.

Swali: Mimi naona vilima vya duara, dada yangu anaona mashimo, na picha ni ileile!
*Msomaji wa Himbi, Goma*

Jibu: Dada yako huenda ndiye sahihi. Macho hudhani mwanga unatoka juu. Igeuzeni picha hadi upande ulipotoka jua uwe juu, vilima vitageuka mashimo vyenyewe.