Mwani wa Kulisha Kopepodi: Maswali Yenu

Nina tangi la maji ya chumvi hapa Kasarani, Nairobi, nafuga kopepodi, wale wadudu wadogo wa majini wanaolishwa vifaranga vya samaki. Nawalisha mwani wa Nannochloropsis kwa sababu haufi ovyo. Mbona hawazaani?

Hukusema ni kopepodi wa aina gani, na hapo ndipo jibu lilipo. Tisbe, wale wanaotambaa ukutani mwa chombo, si wachaguzi. Kwao kagua maji kwanza. Kama ni Acartia, anayeogelea na kuchuja chakula majini, mwani huo haumfai. Chembe yake ina mikroni 2 hadi 4 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), Acartia aliyekomaa haidaki vizuri, na ina ganda gumu. Ndiyo maana unalisha jioni na asubuhi maji bado ni ya kijani. Isitoshe, kati ya mafuta ya omega-3, ina EPA nyingi lakini DHA karibu hamna, na vifaranga vya samaki wa baharini watakaokula kopepodi hao wanaihitaji sana DHA hiyo.

Mwani wa Isochrysis una DHA, na mikroni zake 4 hadi 6 zinawafaa hata kopepodi wachanga. Mwani wa Rhodomonas ni mkubwa zaidi na una EPA na DHA zote mbili. Mimi ningechukua Rhodomonas, japo inadeka: ukiizidishia taa tu, inapauka.

Niko Kahawa, mwanafunzi. Isochrysis yangu hudorora kila Julai.

Ni baridi. Aina inayofugwa sana asili yake ni Tahiti, nayo hutaka nyuzi 25 au zaidi. Usihangaike kupasha chumba kizima. Tia maji kwenye beseni, weka hita ya tangi la samaki, simamisha chupa zako humo. Rhodomonas iache nje ya beseni. Yenyewe hustawi kwenye nyuzi 20 hivi.

Na mwani wa Chaetoceros je?

Nzuri, ila ni diatomu, yaani mwani wenye ganda la silika: bila madini hayo kwenye mbolea haigawanyiki. Ilishe pamoja na Isochrysis, maana DHA yake ni kidogo.

Unga wa spirulina au hamira?

Kwa Tisbe, kidogo kidogo. Kwa Acartia, hapana: vinazama na kuoza.

Nitajuaje kama wameshiba?

Chukua mmoja umtazame kwa hadubini. Aliyekula Rhodomonas utumbo wake huonekana mstari wenye wekundu katikati ya mwili mweupe, na chini ya chombo kuna vinyesi vidogo mithili ya vijiti. Utumbo ukiwa mtupu, ongeza mwani. Maji yakibaki na rangi nzito hadi kesho yake, punguza.