Ukifungua Nyumba ya Mashairi, Tandika Mkeka Kwanza

Tulipofungua kituo chetu cha ushairi hapa Tanga, fedha karibu zote niliziingiza kwenye rafu. Fundi akapiga randa, tukapaka vanishi, tukapanga diwani. Siku ya ufunguzi watu walikuja, wakatazama vitabu, wakaaga. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa nafungua mlango na kuufunga peke yangu.

Kisha akapita mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, akaomba maji. Akaliona shairi tulilobandika ukutani, akaanza kulighani taratibu. Alipofika ubeti wa tatu, dirishani walikuwa wameshasimama wauza samaki na wanafunzi wawili. Hapo nikatambua kosa langu. Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, vyote hivyo ni kazi ya sikio, nami nilikuwa nimeyajengea mashairi chumba cha kunyamaza.

Kwa hiyo wewe unayewaza kufungua kituo, tandika mkeka, chemsha kahawa, weka siku moja isiyobadilika. Yetu ni Alhamisi, hata wakija watatu. Rafu zitakuja.

Na rekodi mapema sana. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mengi yangepotea kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na mmisionari Taylor. Nakala zao leo zimo maktabani London. Simu ya kawaida inatosha, ila zima feni: rekodi zetu tano za mwanzo zinanguruma tupu, na mmoja wa wazee tuliowarekodi ameshatangulia mbele ya haki. Sauti yake nimeipoteza mimi, na inaniuma.

Daftari la mtu usiondoke nalo. Lipige picha palepale, ukurasa kwa ukurasa, mwenyewe akiwa ameketi kando yako. Familia nyingi zimewaazimisha watu hati za babu zao zisirudi tena, ndiyo maana wanasita. Usichukulie kusita kwao kuwa uchoyo. Zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtafute mwalimu wa madrasa azisome kwa sauti huku kijana ananakili.

Chumba nacho kiandikiwe mkataba. Sisi tulipewa kwa neno la mdomo; mwaka haujaisha tukakuta kufuli jipya. Vitabu vilikaa ndani miezi minne, mchwa wakaanzia chini.

Jambo nililochelewa zaidi kuliona ni saa. Tulikutana baada ya Isha, wanawake hawakuja, nasi tukadhani hawapendi. Hawapendi vipi, na utenzi wa Mwana Kupona, aliomtungia bintiye mwaka 1858, uko vichwani mwao? Tukaongeza Jumamosi asubuhi. Bibi wa kwanza kuja alikaa karibu na mlango, akafunga macho, akatoa beti ambazo hakuna kitabu chetu chochote kilichokuwa nazo. Mjukuu wake aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.